Maji yanaingilia wapi? Kununua na kutunza chombo kikuukuu cha kuvulia

Mimi si nahodha. Kazi yangu ni kukaanga samaki, Sahare, hapa Tanga mjini, na kwa miaka mingi nilikuwa nasimama pwani alfajiri na beseni langu kama wachuuzi wenzangu, nikinunua kwa bei aitakayo mwenye chombo. Mwaka 2016 nikachoka. Zamu yangu ya kibati, mchezo wetu wa kuchangiana fedha, ilipofika nikaongezea na akiba, nikanunua mashua ya mbao ya futi 22 kwa mzee mmoja wa Kigombe, shilingi 1,400,000 bila mashine. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya kijani: USINIULIZE. Nami nikatii, sikuuliza.

Miezi mitatu haikuisha nikawa nimeshatumia fedha nyingine kama zile, na nusu yake ilikwenda mahali ambapo hapakuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo haya ni ya mwenzangu ambaye mfuko wake unatosha chombo kikuukuu tu, na ambaye hakuzaliwa kwenye nyumba ya fundi. Nimeyapata kwa kuulizauliza, kwa kukosea, na kwa kukaa juu ya gogo nikimtazama fundi akifanya kazi huku akinikasirikia.

Kabla hujatoa fedha

Nenda kukikagua maji yakiwa yamepwa na chombo kimekaa mchangani. Chombo kinachoelea hukikagui, unakisalimia tu. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwetu huku maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne asubuhi. Una kuanzia saa mbili mpaka saa sita kukizunguka bila haraka. Muuzaji akikupangia siku ya bamvua saa kumi jioni, jiulize anaogopa nini.

Beba kisu kidogo, nyundo, tochi na mshipi mrefu kupita chombo. Ukiwa na mjomba au jirani aliyewahi kuunda vyombo, mnywesheni kahawa na mwende naye.

Anza na mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo chote. Fukua mchanga kidogo upande wa omo (mbele), katikati na upande wa tezi (nyuma), kisha nyosha mshipi ubavuni mwa mkuku kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiwa katikati umeinuka kuuzidi mshipi, chombo kimevunjika mgongo: omo na tezi zimeshuka kwa uzee. Utakiziba leo, kesho kitafunguka palepale, kwa sababu mbao zinavutana kila wimbi likipita. Hapo shukuru kwa kahawa, uondoke.

Halafu kisu. Watu wengi wanachoma mbao za chini, wanadhani bahari ndiyo inayoozesha. Chumvi inatunza mbao. Kinachoozesha ni maji ya mvua. Kwa hiyo choma kwanza juu: vichwa vya mataruma (zile mbavu za ndani), chini ya mabenchi, kona za tezi, na hasa ile mbao ya nyuma inayobanwa na mashine. Kisu kikizama kama kwenye boga lililopikwa, hesabu ubao mpya. Chini, chini kabisa, unatafuta kitu kingine, vidudu vya maji ya chumvi. Kwa nje vinaacha vitundu kama vya sindano, huwezi hata kuviona bila kukwangua. Kwa ndani mbao imekuwa sega la nyuki. Hapa kisu kinaweza kukudanganya, nyundo haikudanganyi. Gonga kila kiganja kimoja. Mbao nzima inalia *ko*. Iliyoliwa inalia *bu*, kama unagonga debe lenye mchanga.

Tazama na misumari. Ukiona michirizi myeusi inashuka chini ya kila kichwa cha msumari, kutu imeshaila mbao pembeni yake na msumari wenyewe umebaki mwembamba kama njiti. Hilo si la kukimbia, lakini ni la kupunguzia bei.

Sasa yaliyonikuta mimi. Ndani ya Usiniulize, chini ya mbao za kukanyagia, palikuwa na saruji. Tabaka safi, limelainishwa kwa mwiko, kutoka katikati mpaka tezi. Mzee mwenyewe alikuwa ameniambia ni farumi, inakituliza chombo kisiyumbe. Nikaona jambo la akili hilo. Fundi alipokuja kuivunja, chini yake mbao mbili zilikuwa zimekuwa uji, na mataruma matatu yalikuwa yanashikiliwa na ile saruji, si saruji inayoshikiliwa na mataruma. Farumi ni mawe au viroba vya mchanga, vitu unavyoweza kuvitoa. Ukikuta saruji, lami iliyomwagwa nene, au bati lililopigiliwa juu ya kipande cha kandambili, ujue umeonyeshwa pa kutazama. Kiraka cha bati na kandambili sikidharau, kimewafikisha wengi nyumbani. Lakini ni cha kufikia nyumbani.

Na kuna hiki kipya cha kufunika chombo cha mbao kwa faiba, yaani nyuzi za kioo na gundi. Kikifanywa kwenye mbao kavu, mpya, na fundi anayeijua kazi, sina neno. Kwenye chombo kikuukuu kilichonywa maji miaka ishirini ni kumvika maiti kanzu. Maji yanafungiwa ndani, mbao inaoza kimya kimya, na wewe unaona ganda linang'aa. Gonga. Ikilia kama ngoma, faiba imeachana na mbao.

Kuhusu aina ya mbao usibabaike sana, ila uliza. Mninga, mvule na mtiki kwa mbao za ubavuni ni mali. Mataruma ya mkomafi au mwembe yaliyopinda yenyewe shambani ni bora kuliko yaliyokatwa kwa msumeno yapate kupinda, maana yale ya msumeno hupasukia palepale nyuzi zilipokatwa. Hesabu yangu ya bei siku hizi ni hii: ubao mbovu ni kazi ya siku moja, taruma bovu ni siku mbili, mkuku au fashini (mti wa kusimama wa omo au tezi) mbovu ni chombo kipya. Nalipa kwa kuangalia hivyo viwili vya mwisho, mengine nayatoa kwenye bei.

Karatasi ni fupi. Andikishaneni kwa serikali ya mtaa au kijiji, na watu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi pwani, wa pale kilipokuwa kikiegeshwa wawepo, kwa sababu wao ndio wanaojua kama chombo kina deni la mtu au kesi. Kisha nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri ubadilishe jina na ukate leseni ya chombo, inayolipiwa kila mwaka. Wavuvi nao wana leseni zao. Fanya hivyo kabla ya kununua nyavu, umuulize na zana zipi zinaruhusiwa unakokwenda kuvua. Huku kwetu, kutoka Tanga kwenda Pangani, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki wa kale anayekaa vilindini, tangu 2009, na yule samaki alikuwa akinaswa kwenye majarife, nyavu kubwa za papa, ya maji marefu, kwa hiyo jarife si kitu cha kununua kwanza na kuuliza baadaye.

Siku 14

Matengenezo ya chombo yanapangwa kwa mwezi wa mbinguni, si wa ukutani. Chombo unakipandisha kwenye kilele cha bamvua, maji yakiwa juu kabisa, ili kikae pakavu. Maji yakianza kupungua nguvu kuelekea maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana, hayakifikii tena, mpaka bamvua inayofuata, kama siku 14 baadaye. Basi una siku 14. Fundi, mbao, pamba, mafuta, misumari, kila kitu kiwe kimeshanunuliwa kabla chombo hakijapanda. Ukianza kutafuta misumari siku ya tano umeshapoteza mwezi.

Na usikipandishe kwenye bamvua kubwa kuliko zote. Mimi nilifanya hivyo. Ilikuwa Septemba, bamvua za Machi na Septemba ndizo zinazopanda sana, vijana wakanisifu jinsi chombo kilivyofika juu mpaka kwenye majani. Kazi ikaisha siku ya kumi na mbili, rangi imekauka, nimeshaagiza mchele wa pilau ya kushulia, yaani ya kukishusha chombo majini. Bamvua ya pili ikaja, ikaishia hatua nane chini ya mkuku. Hatua nane! Nikasimama natazama maji yakirudi zake. Bamvua mbili zinazofuatana hazilingani, moja huwa kubwa na mwenzake mdogo, na mimi nilipandia kwa kubwa. Ilibidi kuwalipa vijana ishirini, magogo ya mnazi chini, kamba mabegani, na pilau ikaliwa kabla chombo hakijagusa maji. Siku hizi napandisha siku moja au mbili baada ya kilele, maji yakiwa yameanza kupungua. Yanayofuata yatafika tu.

Msimu mzuri wa kazi kubwa kwangu ni Julai. Kusi inavuma, bahari imechafuka, mabaharia wenyewe hawana hamu ya kutoka, na mvua za masika zimekwisha. Masika yenyewe usitengeneze, mbao haikauki, unaziba unyevu ndani.

Kutafuta tundu

Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye chombo neno hili lina maana yake halisi kabisa: maji yakiingilia mbele, yakiingilia nyuma, yote utayakuta ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Kwa hiyo kuyaona yamejaa pale katikati hakukwambii kitu. Mimi nilibadilisha ubao mzima katikati ya chombo kwa sababu maji yalikuwa yamesimama juu yake. Yalikuwa yanaingilia kwenye fashini ya omo, mita tatu mbali, yanateleza nyuma ya mataruma, yanakuja kupumzika pale.

Njia niliyofundishwa na fundi baada ya kosa hilo haigharimu shilingi. Chombo kikiwa juu, kavu kabisa kwa nje, kiegemeze sawasawa kwa magongo pande zote mbili. Mimina maji ya bahari ndani, yafike kifundo cha mguu tu, usijaze, maana uzito wa maji utakifungua mahali pasipokuwa na kosa. Kisha toka nje, chuchumaa, subiri. Usiseme na mtu. Kwanza utaona doa la unyevu kwenye mshono, kama jasho juu ya mdomo. Doa linakuwa tone. Weka alama ya chaki hapo. Zunguka tena upande wa pili. Kwangu mara ya kwanza zilitoka alama 17, na 11 zilikuwa kwenye mshono mmoja, ule wa mkuku na ubao wa kwanza. Nusu saa ile iliniambia zaidi ya miezi mitatu yote ya mwanzo.

Kabla ya kuogopa matone, kumbuka chombo kilichokaa juani wiki mbili kimesinyaa. Mishono mingine itajifunga yenyewe mbao zikinywa maji. Ndiyo maana namwagia ndani maji ya bahari asubuhi na jioni siku mbili, kisha ndiyo nafanya jaribio la kweli. Tone linaloendelea baada ya hapo ni tundu.

Kalafati

Kazi hii ya kuziba mishono kwa pamba mwachie fundi, lakini simama uangalie. Pamba ya zamani yote inatolewa kwanza, na hapo ndipo fundi mvivu anajulikana: anapigilia mpya juu ya kuukuu. Mshono uliosafishwa unaonyesha mbao nyekundu pande zote mbili. Pamba mpya inasokotwa kwa kiganja juu ya paja, nyuzi nene kama penseli ya mtoto, inachovywa mafuta. Wengine wanatumia mafuta ya nazi, fundi wangu anataka sifa, mafuta ya ini la papa, na kanga niliyovaa siku ile haijarudi kunukia vizuri hadi leo. Inasukumwa kwa chembeu na nyundo nyepesi, pigo moja pigo moja, na unasikia sauti ikibadilika: mwanzo butu, kisha inakuwa kali pamba ikishajaa. Fundi anasimama hapo. Akiendelea kupiga baada ya sauti kuwa kali, atakapokuja kuingia majini mbao zitavimba, zitakosa nafasi, zitang'oa misumari. Chombo kuukuu hufa kwa kuzibwa sana kama kinavyokufa kwa kutozibwa.

Misumari ya kubadilisha iwe iliyopakwa zinki, na tundu litobolewe kwanza kwa keekee. Ukigongea moja kwa moja kwenye mbao ya miaka thelathini itapasuka.

Chini ya maji natia shahamu, kama wazee: mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa na chokaa, yanapakwa kwa mkono yakiwa vuguvugu. Kabla yake chombo kinachomwa, yaani makuti makavu yanawashwa na kupitishwa chini yake haraka, moto unalamba tu, unakausha na kuua vidudu vilivyoanza kutoboa. Mtu mmoja asimame na ndoo ya maji. Narudia kazi hii kila baada ya mwezi mmoja au miwili kwenye bamvua, asubuhi moja inatosha. Rangi ya dukani naipaka juu ya mstari wa maji tu.

Mashine

Mwaka wa kwanza tulikwenda na tanga. Mwaka 2017 nikapata Yamaha Enduro ya nguvu farasi 15, imeshatumika. Mashine kuukuu kwenye chombo kikuukuu ni ndoa ya wazee wawili, lazima mmoja awe na nguvu za kumwinua mwenzake.

Kabla ya kununua pima urefu wa mbao ya nyuma. Mashine zina mguu mfupi na mguu mrefu: mfupi kwa mbao ya kama sentimita 38, mrefu kwa sentimita 51. Lile bapa lililo juu ya pangaboi, ile feni inayosukuma maji, liwe sawa na chini ya chombo au lishuke vidole viwili. Likiwa juu, pangaboi linapiga povu na mashine inalia bure. Likiwa chini mno, unaburuta bahari nzima kwa petroli yako. Na mbali na vibanio viwili, ifunge kwa kamba nene kwenye taruma. Vibanio hulegea kwa mtetemo, na mashine iliyozama hairudi na fedha zake.

Fungua parafujo ya chini ya gia uone oili. Ikitoka nyeusi au ya kahawia, sawa. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Kisha iwashe kwenye pipa la maji na utazame inavyokojoa, yaani inavyotema maji ya kuipoza. Mkojo uwe mwembamba, wenye nguvu, usiokatika. Mashine isiyokojoa usiikubali hata ukiambiwa ni uchafu kidogo. Ikiwa ni uchafu kidogo, wautoe ukiwa hapo.

Mafuta ya mashine hizi za mipigo miwili unayachanganya mwenyewe: lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400. Oili iwe ya mashine za boti, kopo limeandikwa TC-W3, si ile ya pikipiki. Pima kwa chupa yenye alama. Nahodha atakwambia anajua kwa macho. Macho yake hayanunui pistoni.

Ikizimika baharini, fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza kile kikamba chekundu cha kuzimia, kimechomoka? Pili, parafujo ya hewa juu ya kifuniko cha tangi, iko wazi? Tatu, bonyeza pampu ya mpira kwenye bomba la mafuta, ijae na kukakamaa. Ikibaki laini, kuna pahala hewa inaingia au tangi limekwisha. Nne, chomoa plagi. Ikiwa imelowa mafuta, umevuta sana na choki. Ifute, ikaushe, rudisha choki ndani, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha rudisha. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki, rudi kwenye chujio utafute maji au taka. Ikiwa nyeusi tii na ya siku nyingi, weka mpya. Plagi mbili za akiba na spana yake ziwe ndani ya chupa yenye kifuniko, si mfukoni mwa mtu.

Hilo la pili, la parafujo ya hewa, nalikumbuka kwa uchungu. Mashine ilikuwa inakwenda vizuri dakika ishirini, inazimika, inapumzika, inawaka, inazimika tena. Fundi mmoja akanisafishia kabureta. Haikupona. Akabadilisha pampu ya mafuta. Ikaendelea vilevile, na siku moja ikawazimikia vijana nje ya Kisiwa cha Yambe wakarudi kwa makasia mpaka usiku. Kesho yake kijana mdogo kuliko wote kwenye chombo akaniita nione tangi. Lilikuwa limebonyea pande zote mbili, kama mashavu ya mtoto anayenyonya ukwaju. Akalegeza ile parafujo ndogo ya juu, *ssss*, na tangi likajitanua mbele ya macho yetu. Kulikuwa hakuna hewa ya kuingia kujaza nafasi ya mafuta yanayotoka. Mwisho wa hadithi, na laki na nusu yangu.

Ikiacha kukojoa, zima mara moja, inua mguu uangalie pale inapovutia maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini bahari haijamaliza kuitapika ile ya zamani. Kama hakuna mfuko, chokonoa tundu la mkojo kwa waya mwembamba, chumvi huziba hapo. Bado? Mpira wa pampu ya maji umekwisha meno. Hilo ni la nchi kavu, pandisheni tanga. Mimi nabadilisha mpira huo kila mwaka hata kama ni mzima.

Kila jioni mashine inawashwa dakika tano kwenye pipa la maji baridi ya bomba, mwishowe bomba la mafuta linachomolewa iendelee mpaka inyamaze yenyewe, ili kabureta ilale tupu. Mafuta yaliyochanganywa na kukaa zaidi ya mwezi usiyatumie, yanaacha gundi. Na ikizama majini, usiiache ikauke ukisubiri fundi: ioshe kwa maji baridi, toa plagi, vuta kamba maji yatoke, mimina oili kidogo kwenye tundu za plagi, na iwashwe siku hiyohiyo. Kuisubirisha mpaka kesho ndiko kunakoiua.

Vya kubeba

Nanga yetu ni ya nondo, meno manne yanayoweza kunyooka ikikwama mwambani. Kati ya nanga na kamba weka mnyororo wa mita 2 au 3, matumbawe yanakata kamba kama msumeno. Kamba iwe angalau mara tatu ya kina, upepo ukiwepo mara tano.

Makasia mawili na tanga havishuki chomboni hata uwe na mashine mpya. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, na wasizilalie kama mito. Dira, tochi, filimbi, maji ya kunywa lita 5 ambayo hayaguswi mpaka kuna shida, pamba kidogo na kipande cha sabuni ya mche: sabuni iliyokandwa na pamba inaziba mshono uliofunguka kwa muda wa kurudi. Kwa barafu tunatumia ganda la friji bovu, lililolazwa chali. Samaki wangu wanafika wakiwa na macho maangavu, na hiyo ndiyo faida ya kuwa na chombo chako.

Mgao upange kabla ya safari ya kwanza, mbele ya watu wote. Kwangu petroli na barafu zinatoka kwanza. Kinachobaki kinagawanywa mafungu: chombo fungu, mashine fungu, nyavu fungu, nahodha fungu na nusu, kila baharia fungu. Na nikichukua samaki wa kukaanga nanunua kwa bei ya pwani kama mchuuzi mwingine. Nisingefanya hivyo mabaharia wangekwisha kunikimbia, au wangeuza nusu ya samaki hukohuko baharini.

Upo

Kifaa cha mwisho ni upo wa kufulia maji, yaani wa kuyachota kuyatoa chomboni. Wangu ni dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, limekatwa mshazari chini, mpini wake uleule. Kila asubuhi kabla ya kutoka kijana anafua maji na kuhesabu amechota upo ngapi, nami naandika kwenye daftari ninaloandikia madeni ya samaki. Hiki ndicho kipimo changu. Chombo cha mbao kisichoingiza maji hata kidogo hakipo, na idadi yenyewe si hoja. Hoja ni ikibadilika. Ilikuwa 9 kwa wiki nzima, ikawa 10, ikawa 14: kuna mshono unafunguka, na bado nina nafasi ya kusubiri bamvua. Ikiruka kutoka 9 hadi 30 kwa usiku mmoja, hakitoki siku hiyo. Mvua ikinyesha usiku natia alama ya nukta pembeni, maana maji hayo ni ya juu. Yaonje kwa ncha ya ulimi kama huamini. Masika chombo kinafunikwa kwa makuti, nukta zinapungua.

Leo asubuhi zilikuwa 13, hakuna nukta, na jana zilikuwa 11. Mwezi mpevu ni wiki ijayo. Pamba nimeshanunua, fundi nimeshampigia simu, na chaki iko kwenye kopo la chumvi jikoni.